Nani Alichoma?

Nilipopewa uhamisho kwenda Garissa, mama yangu alilia kama mtu aliyefiwa, na wenzangu kazini wakanichangia miwani ya jua. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, sina mume wala mtoto, kazi yangu kupiga watu eksirei, na sikuwa na mkubwa yeyote wa kunisemea. Nikafunga sanduku nikaenda. Wiki ya kwanza nilikasirikia kila kitu: jua, vumbi, maji ya bomba yaliyotoka ya moto bila mtu kuyachemsha, na mbuzi waliokula kadi za wagonjwa dirishani. Karani mmoja wa hospitali, mwenyeji, aliponiona nimenuna aliniuliza, "Wewe umetoka Kenya lini?" Nikamwambia hapa pia ni Kenya. Alicheka mpaka akashika meza.

Ndivyo walivyosema wote. Ukivuka daraja la Tana kuelekea Nairobi, umeenda Kenya. Kabichi zilitoka Kenya, magazeti yalitoka Kenya yakiwa yamechelewa, na sisi watumishi wa serikali tulikuwa watu wa Kenya. Baada ya miezi miwili nilijisikia nikimuuliza mwenye duka, "Viazi hivi vimefika lini kutoka Kenya?" na hapo nikajua nimeshakuwa mwenyeji. Nilikaa miaka sita, yote katikati ya ile miaka ya tisini, na kama kuna miaka niliyowahi kuridhika nayo ni hiyo. Mama yangu hakuamini mpaka aliponiona nilivyonenepa.

Kanisa letu lilikuwa dogo. Waumini walikuwa askari, walimu, wauguzi na makarani, pamoja na watoto wao, na watoto hao ndio waliokuwa wakiumiza watu kichwa. Jumamosi hawakuwa na la kufanya. Mpira haukuchezeka mpaka jua lipoe, mtoni kulikuwa na mamba, na sokoni wazazi hawakutaka wakazurure. Jumapili moja mchungaji aliniita nje ya mlango akaniambia, "Dada, wewe kazi yako ni picha. Tusaidie na hawa vijana." Nikamwambia picha zangu ni za mifupa. "Picha ni picha," akasema, na kabla sijatafuta udhuru mwingine akanipeleka stoo akafungua sanduku la bati.

Ndani kulikuwa na mali ya mmisionari aliyekuwa amerudi kwao zamani: kamera moja nzito, mkebe wa kusafishia filamu, mashine ya kukuzia picha, karatasi zilizokwisha muda wake, na nje ya sanduku roli tano za filamu nyeusi na nyeupe ambazo mtu mwenye akili alikuwa amezihifadhi kwenye friji ya mafuta ya taa. Nilitaka kukasirika. Sipendi kupangiwa kazi, hasa na watu wanaoanza sentensi kwa "Dada." Lakini nilipoishika ile kamera nikavuta kishikio chake cha kusogezea filamu na kusikia inavyolia, hasira ikaniponyoka.

Vijana walikuwa kumi na wawili. Filamu moja ina picha thelathini na sita. Nikagawanya: kila mtu picha tatu, hakuna kuomba ya mwenzako, hakuna kubadilishana. Siku ya kwanza niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: USIFUNGUE MGONGO. Mtundu mmoja akauliza kama kamera ina mgongo basi tumbo liko wapi.

"Tumbo ni filamu," nikamwambia. "Ukifungua mgongo jua likaingia, picha zinaungua. Neno hilo mnalijua."

Walilijua. Kila mtu mjini alilijua. Ulikuwa ukienda studio na nguo yako nzuri, umeshika ua la plastiki, halafu siku ya kuchukua picha mwenye studio anakutazama kwa huruma na kusema, "Pole, zimeungua." Mchezo ulikwisha hapo. Hukuuliza zaidi, maana zilikuwa zimeungua, kama vile maziwa yanavyomwagika au mvua inavyokosa kunyesha.

Nilikuwa mkali, sitasema uongo. Nilikuwa na msemo wangu mmoja ambao vijana waliuiga nikigeuka: "Nani amekuuliza?" Mtu akiniambia dawa ya filamu imekaa sana, "Nani amekuuliza?" Mtu akisema kuna kidole mbele ya lenzi, "Nani amekuuliza?" Baadaye nilikitazama kidole, nacho kilikuwepo. Lakini walinipenda, au walinivumilia kwa sababu ya kamera, na mimi nikaanza kuingoja Jumamosi tangu Jumatatu.

Filamu ya kwanza ilikuwa kichekesho. Walipigana picha saa sita mchana, wote wamekunja nyuso kama wamelamba ndimu. Mmoja alitumia zake zote tatu kupiga kiatu chake kipya. Nikawafundisha kungoja. Nikawaonyesha jinsi mchana wa Garissa unavyomchoma mtu uso mzima mpaka anabaki pua, na jinsi saa kumi na moja jioni mwanga unavyolala chini na kila kitu kinapata umbo: mikokoteni ya punda yenye mapipa ya maji, ngamia wakipita nyuma ya ua wa hospitali, ndege korongo wakubwa wamesimama karibu na kichinjio kama mawakili wanaongoja kesi. Filamu ya pili ilikuwa na picha nne nzuri. Ya tatu ilikuwa na kumi na moja, na mchungaji alizibandika kwenye ubao wa matangazo.

Kusafisha filamu kulikuwa na shida yake. Dawa inataka ubaridi, na Garissa haukuwapo. Mkuu wa idara yangu aliniruhusu kutumia chumba cha giza cha eksirei mchana kukiwa kimya, na ile dawa ya kusafishia eksirei ya wiki iliyokuwa karibu kumwagwa. Tulinunua barafu ya mifuko kwa mama mmoja wa mtaa wa Galbet, tukaizungushia mkebe kwenye beseni, na mimi nikapima kwa kiwiko kama mtu anayetayarisha maji ya kuogesha mtoto. Ikiwa ya moto mno, picha hulainika na kubanduka kwenye filamu kama utandu wa chai. Hilo tulilijua kwa filamu ya kwanza.

Kati ya wale kumi na wawili kulikuwa na msichana wa miaka kumi na mitano, binti wa askari, aliyekuwa amehamishwa mara nyingi mpaka hakuona faida ya kuzungumza na watu. Alikuwa mtulivu kupita kiasi. Ukimuuliza nani amefagia, anasema, "Pamefagiwa." Nani ameleta barafu? "Imeletwa." Kwenye orodha jina lake lilikuwa la mwisho kwa sababu yeye mwenyewe aliliandika hapo, na kila filamu picha zake tatu zilikuwa za mwisho. Lakini kwenye ile filamu ya tatu, tatu kati ya zile nzuri kumi na moja zilikuwa zake.

Huyu ndiye aliyenunua maziwa ya kwao kila asubuhi kutoka kwa mama mmoja aliyeuza nje ya lango la kanisa. Mama huyo aliketi kwenye kivuli cha ukuta na vibuyu vyake na madumu ya manjano, na maziwa yake ya ngamia yalinukia moshi wa kufukizia vyombo. Familia yake ilitoka upande wa Habaswein zamani, na sasa walikuwa watu wa Galbet. Mimi pia nilikuwa mteja wake. Aliniita abaayo, yaani dada, nami nikamwita mama, na Kiswahili chake kilikuwa cha kunyoosha moja kwa moja, bila kupoteza wakati kwa mambo ya ngeli.

Ijumaa moja, tulipokuwa na filamu ya nne ndani ya kamera, alinishika mkono.

"Abaayo, wewe nabiga watu bicha ya mifuba. Bicha ya uso unaweza?"

Nikamwambia inategemea uso wa nani. Ulikuwa uso wa bintiye. Alikuwa ameolewa na kijana aliyekuwa ng'ambo, ndoa ilishafungwa kwa wazee, na Alhamisi angepanda basi la Nairobi na baadaye ndege. Mama hakuwa na picha yake hata moja. Nikamuuliza kwa nini asiende studio.

"Yule ni mwanaume. Binti atatoa shungi mbele yake? Habana." Akatikisa kichwa. "Mimi nataka nywele yake, kama iko nyumbani. Na bicha ya ukuta sitaki, hiyo ni haramu kwangu. Nataka ya sanduku. Mimi nafungua, naangalia, nafunga."

Kwa hiyo atakayepiga lazima awe mwanamke, na atakayesafisha awe mwanamke, na hakuna mwanaume atakayeiona, hata filamu yenyewe apewe mama. Mji mzima haukuwa na mtu mwingine wa kuyafanya hayo. Ningeweza kupiga mwenyewe, lakini sheria ilikuwa yangu: kamera ni ya vijana. Zilibaki picha tatu, na zilikuwa za msichana wangu mtulivu. Nilimwambia kesho yake aende kwa mama wa maziwa na atumie zote tatu huko. Akasema, "Sawa, Madam," na kwa mara ya kwanza nilimwona amefurahi, maana alijua ameaminiwa.

Jumapili, baada ya ibada, alinikabidhi kamera. Kwa kawaida nikipokea kamera kitu cha kwanza ni kuirudisha filamu yote ndani ya mkebe wake kwa kile kishikio cha kuzungusha. Siku hiyo, nikiwa ndiyo kwanza nimeishika, mchungaji aliniita chai. Nikanywa vikombe viwili, tukalaumu kwaya kwa kurefusha nyimbo. Nilipotoka, nikaona alama ya kidole kwenye lenzi, hasira ikanipanda, nikaanza kumtafuta mwenye kidole. Na huku nikigomba, nimesimama kwenye ngazi za kanisa, saa saba mchana, nikafungua mgongo wa kamera ili nitoe filamu niliyodhani nimeshairudisha.

Ilikuwa nje yote, inang'aa kwenye jua. Nikaufunga. Labda sekunde mbili, labda tatu. Nikatazama kushoto na kulia. Vijana walikuwa wakikunja viti, hakuna aliyeinua kichwa. Nikairudisha filamu sasa, taratibu, nikajiambia kwamba huenda haikufika mbali.

Jumanne mchana hatukuwa na wagonjwa, na shule zilikuwa zimefungwa, tukaingia chumba cha giza, mimi na msichana wangu. Nilipoitoa filamu na kuiinua kwenye taa, mwanzo ulikuwa safi kabisa, picha baada ya picha. Filamu hujiviringisha ndani ya kamera, zile za kwanza zikiwa katikati, zimekingwa na wenzao. Jua huanza na zile za nje, za mwisho. Kuanzia ya thelathini na moja ilianza kuingia kijivu, na zile tatu za mwisho zilikuwa nyeusi tititi. Kwenye filamu kilichoungua huwa cheusi. Ukingoni mwa moja nilidhani naona kona ya bega.

"Zimeungua," nikasema.

"Ndio, Madam. Zimeungua."

Hapo ningeweza kunyamaza tu, nayo ingekuwa dhambi ya kawaida. Lakini nilikuwa nimezoea kuwa mwalimu. Nikasema, "Wakati mwingine kamera ikigongwa mgongo hulegea. Uliibeba vizuri?"

Alikuwa akikausha mikono. "Ndio, Madam," akasema, na sikujua ndio hiyo ilikuwa ya kukubali nini. Usiku huo sikula vizuri.

Asubuhi ya Jumatano nilimkuta kwenye lango, amekuja na chupa yake ya maziwa kama siku zote. Mama wa maziwa alituona tukija pamoja, akatabasamu na kupangusa kiganja chake kwenye nguo tayari kupokea kitu.

"Mama, pole sana," nikasema. "Zile picha zimeungua."

Alisimama wima, na kibuyu kikaanguka. "Imeungua? Nyumba ya dawa imeungua? Hosbitali?"

"Hapana, hapana, hakuna moto. Ni picha tu. Zimeungua."

"Hakuna moto."

"Hakuna."

"Hakuna moto, lakini imeungua." Alilifikiria jambo hilo kwa makini, kama mtu anayepewa chenji isiyotimia. Kisha akauliza, bila ukali wowote, anataka tu kuelewa, "Nani alichoma?"

Nimezungumza Kiswahili tangu nijue kusema, na katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia mtu akiuliza swali hilo. Sisi tuliolizoea neno lile tunalipitia kama mlango wa nyuma. Zimeungua: zenyewe, huko, siku hiyo. Mama huyu alikuwa amejifunza lugha yetu sokoni, na huko sokoni kitu kikimwagika kuna aliyekimwaga. Hakujua kwamba tuna neno la kujificha ndani yake.

Akamtazama msichana. Ilikuwa haki yake, maana ndiye aliyeiona kamera mikononi mwake. Msichana akatazama chupa yake ya maziwa. Kisha akainua uso, na nikaona midomo yake inajiandaa, na nikajua kabisa neno gani linakuja. Angejitwisha. Angesema ni yeye ili tuondoke hapo, mimi niende kazini na heshima yangu, na yeye asiishike kamera tena.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mimi nilifungua mgongo, Jumapili, kwenye jua. Huyu mtoto hakukosea kitu. Nimeziunguza mimi."

Halafu msichana akasema polepole, "Nilikuona, Madam."

"Uliniona?"

"Nilikuwa nakunja viti."

"Na jana kule ndani, nikikuuliza uliibebaje! Mbona hukusema?"

Alifikiri jinsi ya kulijibu hilo kwa adabu. "Ungeniuliza nani ameniuliza."

Niliona aibu ambayo hata sasa nikiikumbuka masikio yanapata moto. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nadhani nilifanya vyote viwili, kwa sababu mama wa maziwa aliniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi aliyekunywa sabuni.

"Haya," akasema. "Umesema. Imekwisha." Akaokota kibuyu chake. "Leo Jumatano. Bas ni kesho. Leo saa saba wanawake naweka binti hina. Nyinyi kuja."

Tulikuwa na roli moja tu iliyobaki, ya tano, niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya Krismasi. Niliitoa kwenye friji ya kanisa mimi mwenyewe na kumwambia mchungaji nilichofanya, maana niliona nikianza leo nimalize. Alisema, "Krismasi itakuja hata bila picha." Saa saba, muda wa chakula cha mchana, tulikuwa Galbet.

Nyumba ilijaa wanawake na moshi wa ubani. Bibi harusi alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango wa uani, mikono na miguu imenyooshwa, hina mbichi, hawezi kujikuna wala kufukuza nzi, na dada zake wakimtania kwa Kisomali. Nywele zake zilikuwa zimesukwa na kupakwa mafuta. Msichana wangu alichuchumaa mbele yake na kamera. Mara bibi harusi akajinyoosha, akakaza shingo, akatoa ule uso wa picha ambao dunia nzima inautoa.

Mimi nilikuwa nyuma, na nisingekuwa mimi kama ningenyamaza. Nikaanza, "Sogea kushoto, mwanga wa mlango—"

Msichana hakugeuka. Aliinua kiganja kimoja nyuma yake, hivi. "Ngoja, Madam."

Nikangoja. Alipiga moja ya ule uso wa picha, kwa heshima. Kisha akaishusha kamera magotini akakaa tu. Wanawake wakamsahau. Bibi harusi naye akamsahau, akarudi kulalamika kuhusu nzi, na dada mmoja akamfukuzia nzi huyo kwa kumpuliza usoni. Kamera ikalia mara ya pili. Baadaye kidogo mama wa maziwa alipita nyuma na birika, akainama kumlisha binti tende mdomoni kwa kuwa mikono yake ilikuwa imezuiwa. Ikalia mara ya tatu.

Saa kumi tulikuwa chumba cha giza. Barafu, beseni, kiwiko. Niliikata ile filamu baada ya picha tatu na iliyobaki nikaifungia gizani kwenye mkebe wake, ili Krismasi isikose yote. Safari hii nilimwachia yeye mkebe wa dawa auzungushe, nami nikahesabu dakika kwa sauti. Picha zilipotoka kwenye karatasi, chini ya taa nyekundu, zilianza kama moshi, halafu nywele, halafu meno. Kabla ya adhana ya Magharibi zote tatu zilikuwa zimekauka kwenye kabati la kukaushia eksirei, kati ya mguu wa mzee mmoja na kifua cha mwalimu.

Sikuwa na bahasha ndogo. Alhamisi asubuhi tulienda stendi tukiwa na ile bahasha kubwa ya kaki ya eksirei, na ndani yake picha tatu za ukubwa wa kadi ya posta na kipande cha filamu. Mabasi yalikuwa yamepangwa yakingoja askari wa kuyasindikiza, kwa ajili ya majambazi wa njiani. Bibi harusi alikuwa ameshaketi dirishani, amejifunika vizuri, na mama yake alikuwa chini, mkono kwenye ubavu wa basi, kama anayelizuia.

Alichukua bahasha, akaipima uzito, akatushangaa. Kisha akatupa mgongo sote, akawapa mgongo wanaume wa stendi, dereva na makuli, akauvuta mtandio wake mbele kama hema, akachungulia ndani peke yake. Alikaa humo muda mrefu. Askari walifika, injini zikawashwa, na bado alikuwa ndani ya mtandio. Mimi niliona mabega yake tu. Nilianza kuogopa, nikidhani labda ile ya tende haikupaswa kupigwa, kwamba mama hakutaka kujiona.

Alipogeuka, uso ulikuwa umelowa na alikuwa akicheka. Picha mbili alikuwa ameshazirudisha kwenye bahasha pamoja na filamu. Ile ya tende alikuwa ameikandamiza kifuani, upande wa picha ndani, hata sisi tusiione tena. Sijaiona tena mpaka leo, na sina nakala. Nilichobaki nacho ni kile kipande cheusi cha zile tatu zilizoungua, ambacho nimehama nacho kila nyumba.

Akanitazama mimi, kisha msichana, na nikajua swali linalokuja, maana mama huyu hakuwa na maneno ya kujificha.

"Nani alibiga?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema ni huyu hapa, mwanafunzi wangu, mtulivu lakini ana jicho. Nikakumbuka hakuna aliyeniuliza mimi. Nikaufunga.

Nilingoja msichana aseme zimepigwa.

"Mimi," akasema, kwa sauti kubwa hata dereva akageuka.